Gumba la Shemeji Yangu

Shemeji yangu alifuga ukucha mmoja. Mmoja tu, wa gumba la mkono wa kulia, na aliutunza kuliko baadhi ya watu wanavyowatunza wazazi wao. Kila asubuhi aliusugua kwa msasa laini, akaupaka ile rangi ya kucha isiyoonekana, na alipolala mkono huo aliuwekea mto wake peke yake. Mdogo wangu, yaani mkewe, alikuwa akinisimulia haya nami nikidhani anatia chumvi. Siku nilipouona ukucha wenyewe, mrefu, umepinda kidogo nchani, nilimwuliza kama ni wa kuchokonolea masikio. Akatabasamu. Alikuwa na tabasamu la mtu asiyejua kama anataniwa au anatukanwa, na tabasamu hilo lilinikera tangu siku alipoletwa nyumbani kutambulishwa.

Mtaani walimwita Mita, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Alizunguka nyumba kwa nyumba na ndoano ya chuma ya kuinulia vifuniko. Anapiga magoti mbele ya shimo, anafuta tope kwenye kioo, anasoma namba, anaziingiza kwenye kimashine chake, anafunika, anakwenda nyumba ya pili. Mbwa wote walimjua. Wenye nyumba walimtolea maneno makali kana kwamba yeye ndiye aliyekunywa maji yao, naye aliwaitikia ndiyo mama, ndiyo mzee, akaenda zake. Hakuwa mlevi, hakuwa mkorofi, hakuwa na nyumba ndogo. Hizo ndizo sifa zake zilizotajwa siku ya posa, na mimi nilijisemea moyoni kwamba mtu akisifiwa kwa vitu ambavyo hana, basi alivyo navyo havisifiki.

Mimi ni dobi. Nina duka langu la kufua na kupiga pasi, mashine mbili na meza moja ndefu, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimaliza kwenye mvuke nikinyoosha mashati ya watu wanaojiona wakubwa. Kazi hiyo haimwachii mtu huruma nyingi. Huruma alipewa mdogo wangu. Yeye anafundisha watoto wadogo kusoma, na anaweza kukaa mbele ya mtoto mmoja akingoja atamke neno moja, bila kumkatiza, bila kutazama dirishani. Nadhani ndiyo sababu aliangukia mume wa aina ile.

Walikutana kwenye baraza ya jirani. Watu walikuwa wengi, redio inapiga wimbo wa zamani wa mapenzi, gitaa tupu bila mwimbaji, na Mita, ambaye jioni nzima hakuwa amefungua kinywa, akasema, "Wimbo huu mzuri." Basi. Mdogo wangu akawa amekwisha. Nilimwuliza baadaye kama kweli ni kwa maneno hayo tu, akanijibu kwamba wengine wote pale walikuwa wanajizungumzia wenyewe. Wakaoana. Watoto hawakujaliwa, lakini sikuwasikia wakilaumiana kwa hilo, na maisha yakaenda.

Halafu siku moja Mita akaingia nyumbani na gitaa mgongoni. Akamwambia mkewe kwamba amejiunga na kikundi, atajifunza wimbo ule ule wa redio, na akishaujua atampigia pale pale sebuleni, yeye mwenyewe. Aliomba apewe miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu ikaota ndevu, ikawa miaka.

Kikundi chenyewe kilikutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha juu cha duka la magodoro. Mwenye duka ndiye aliyekuwa mwalimu. Alijiita Profesa, na kwa kuwa hakuna aliyempinga mapema, jina likashika. Gitaa alilijifunza kwenye simu, akitazama video kati ya mteja na mteja, na kwa kuwa watu hawanunui magodoro kila siku, alitazama nyingi. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wenye kazi zao, mwuza dawa, dereva wa gari la taka, karani wa mahakama na wengine wa namna hiyo, wote jumla wanane pamoja na Profesa, na kila mmoja na kucha zake. Ungewakuta wamesimama mlangoni mwa duka wakilinganisha mikono yao ungedhani ni wasichana wanaojiandaa kwenda harusini.

Mita alinieleza upigaji huo mara moja, nikiwa sina pa kukimbilia. Hutumii kitu cha kukwaruzia nyuzi, alisema, unatumia vidole vyenyewe. Gumba linapiga zile nyuzi nene, ndiyo besi. Vidole vitatu vinapiga nyuzi nyembamba, ndiyo wimbo wenyewe. Vyote vinakwenda kwa wakati mmoja, mkono mmoja, na mtu mmoja anakuwa bendi nzima. "Huhitaji mtu mwingine yeyote," aliniambia, macho yanang'aa. Nikamwuliza, kama huhitaji mtu mwingine yeyote, kikundi ni cha nini. Akatabasamu lile tabasamu lake.

Nyumbani kwao wimbo haukusikika. Kilichosikika jioni baada ya jioni, kutoka chumbani, mlango umerudishwa, ni dum, dum, dum, dum. Mdogo wangu akiuliza wimbo uko wapi, anajibiwa kwamba bado wako kwenye msingi. Huo msingi ulitosha kubeba ghorofa kumi. Vyombo Mita hakuosha tena, kwa ajili ya ukucha. Kufua ndiyo usiseme. Kazini alivaa glovu ya mpira mkono mmoja, na wenye nyumba walidhani ana ugonjwa wa ngozi wakawa wanasimama mbali naye. Siku ukucha ulipovunjikia kwenye kifuniko cha mita, alirudi nyumbani mchana, akapanda kitandani akageukia ukuta. Mdogo wangu alifikiri amefiwa, akaanza kutafuta kanga ya kwenda nayo msibani.

Kilichonichoma mimi ni chakula. Mdogo wangu hali mpaka mumewe afike. Hakuna aliyemlazimisha, ni tabia yake tu, hapendi kula na kiti kitupu mbele yake. Siku za kazi haikuwa taabu, Mita alirudi mapema. Lakini Jumamosi, mazoezi yakiisha, Profesa aliwabakiza juu kwa hotuba kuhusu sanaa na uvumilivu, na nyumbani chakula kinafunikwa, kinapashwa moto, kinafunikwa tena. Nikimpigia simu kumwuliza kama amekula, jibu lilikuwa lile lile: "Bado kidogo, Dada. Anakuja." Nilimwambia ale. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, haikusaidia. Ningekuwa mimi, ningekula, nikaosha sahani yangu, nikazima taa.

Basi Jumamosi moja mdogo wangu akateleza bafuni, mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Alijikokota kwa viwiko mpaka ilipokuwa simu, akampigia mumewe. Simu imezimwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba Profesa, ili mawazo ya wanafunzi wake yasitangetange, alikuwa akikusanya simu zao kwenye beseni la plastiki kabla ya mazoezi na kuzizima zote, na watu wazima wale walizitoa bila neno. Mdogo wangu akanipigia mimi. Nilifunga duka na nguo za watu zikiwa ndani ya mashine, nikamkuta ameketi sakafuni, ameegemea ndoo, nywele zimelowa, nikampeleka hospitali.

Mita alifika jua likiwa limekwisha kuzama. Alikuwa amekimbia, siwezi kumnyima hilo, jasho linamchuruzika na gitaa linampiga mgongoni. Akasimama miguuni pa kitanda, akautazama mguu uliofungwa plasta mpaka gotini, akamtazama mkewe usoni. Na neno lake la kwanza, nalisema kama nilivyolisikia, lilikuwa hili:

"Leo tumefika mwisho wa wimbo."

Alikuja kujitetea kwamba alitaka kumchangamsha. Namwamini, na hapo ndipo ninapochoka kabisa, maana mtu mwenye nia mbaya angalau angetunga uongo wa maana. Mdogo wangu alifumba macho mpaka Mita alipoondoka, kisha akaniomba atakaporuhusiwa nimpeleke kwangu, si kwake.

Nikampa chumba cha nyuma cha nyumba yangu, karibu na choo, asipate taabu na magongo. Mita akawa anakuja kila jioni akitoka kazini, na sare yake ya buluu, na glovu inaning'inia mfukoni. Anasimama mlangoni. Mdogo wangu anakataa kumwona. Mimi namwambia kwamba amelala, yeye anasema haya, shemeji, anaondoka. Tulikwenda hivyo mpaka siku mdogo wangu aliponiita, akanipa ujumbe, na akanifanya niurudie nisije nikauchanganya na maneno yangu mwenyewe.

"Mwambie hivi, Dada. Kama wamefika mwisho wa wimbo, aje anipigie. Mwanzo mpaka mwisho, yeye peke yake, kama alivyoniahidi. Akimaliza, nitamsikiliza lolote alilo nalo. Asipoweza, asije tena."

Nilikwenda mlangoni nimefurahi, sina sababu ya kuficha. Nilimpa ujumbe neno kwa neno. Nilitazamia aruke, mtu ambaye miaka yote hii alikuwa anajifunza kitu kimoja, leo ameombwa kitu hicho hicho. Badala yake uso ukamshuka.

"Peke yangu?" aliuliza.

Nikamwuliza alitaka aje na nani. Alisimama pale akiusugua ule ukucha wake kwa kidole cha shahada, akageuka, akaenda. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Siku zikapita, na mdogo wangu hakuuliza kitu, lakini kila geti lilipolia aliyasogeza magongo yake karibu, halafu akayarudisha.

Wakati huo kikundi kilikuwa kinajiandaa kupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Msiulize wapi. Profesa alikuwa anafungua duka la pili la magodoro, na hiyo ndiyo iliyokuwa hafla yenyewe. Walishonesha mashati ya rangi ya maziwa, yana picha ya gitaa kifuani, wakayaleta kwangu yanyooshwe. Mita ndiye aliyekuwa ayachukue. Kwa kuwa alikuwa amepotea, Jumamosi nikayatundika mkononi nikayapeleka mwenyewe, na si kwa ajili ya mashati. Nilitaka kuona kinachomkawiza.

Nilipanda ngazi taratibu. Beseni la simu lilikuwa mlangoni. Ndani walikuwa wameketi juu ya magodoro ambayo bado yamo kwenye nailoni, kwa hiyo kila mmoja akijisogeza nailoni inalalamika chini yake. Profesa akatikisa kichwa, wakaanza. Nitasema kweli ingawa sipendi: ulikuwa wimbo, ule ule wa redio, na ulisikika vizuri. Nikasikitika kidogo, maana nilikuwa nimekuja kucheka.

Ndipo nikaitazama mikono. Upande wa dirishani walikaa watu watatu, Mita mmoja wao, na kwa wote watatu gumba ndilo lililokuwa linatembea peke yake, vidole vingine vimekunjwa kama vimeambiwa visubiri nje. Upande wa ukutani walikaa watano pamoja na Profesa. Kwao vidole vinakwenda mbio, na gumba limelala juu ya gitaa, limestaafu. Nilidhani sioni vizuri. Nikangoja wamalize, nikauliza.

Profesa alinieleza kwa fahari, mkono mmoja umeshika kiuno. Alisema huo ni mpangilio wake mwenyewe, hauna mwingine wa aina yake. Hapo zamani kila mtu alikuwa anajaribu kupiga vyote viwili, ikawa vurugu tupu, gumba likitaka kufuata vidole na vidole vikitaka kufuata gumba, watu wanakata tamaa. Ndipo yeye akapata wazo. Akawagawa. Hawa watu wa gumba, hawa watu wa vidole, kila mtu na fungu lake, na tangu siku hiyo mambo yamenyooka. Aliniambia kwamba baada ya hafla wataingia wimbo wa pili kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo watu wazima wanane, wenye kazi na familia, walikuwa wametumia miaka kujifunza kufanya kwa pamoja jambo ambalo uzuri wake wote ni kwamba linafanywa na mkono mmoja. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya ngazi. Mita aliinamia gitaa lake. Mwuza dawa, ambaye ni mtu mstaarabu na tunafahamiana, alininong'oneza kwamba nisimcheke shemeji yangu, maana siku zile zote alizopotea alikuwa anamfuata Profesa dukani na kumwomba amfundishe upande wa vidole, na Profesa anakataa. Hata leo ameomba tena mbele ya wote. Ameambiwa kwamba gumba lake ni nguzo ya kikundi, nguzo haihami, na kwamba bila yeye wimbo hauanzi. Alivikwa kilemba cha ukoka, na akakivaa.

Nikamgeukia Profesa. "Hebu upige wewe," nilimwambia. "Peke yako. Gumba na vidole."

Nailoni ikalalamika chini yao. Profesa aliuinua mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema kwamba leo haitawezekana, ukucha wake wa kidole cha kati umeingia ufa. Niliutazama ukucha huo. Ulikuwa mzima kama sahani iliyotoka dukani. Wale saba nao waliutazama, kila mmoja kwa wakati wake. Wakaanza kukaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

Niliyaacha mashati juu ya godoro nikashuka. Mita alinifuata mpaka katikati ya ngazi. Aliniomba nisimwambie mkewe niliyoyaona, atakwenda kumwambia yeye. Nikakubali, na si kwa wema. Nilifikiri kitendo hicho kitakuwa kitamu zaidi nikikitazama kwa macho.

Alikuja katikati ya wiki, jioni, sare imefuliwa, gitaa mkononi. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu wenye plasta umelazwa juu ya stuli. Mimi nikasimama mlangoni pa jikoni, mikono nimeikunja kifuani. Mita aliketi kwenye kiti cha mbali zaidi, akakaza uzi mmoja, akakohoa, akaanza.

Dum, dum, dum, dum. Gumba tupu. Nilidhani ataishia hapo, aombe msamaha, lakini aliendelea. Alipiga sehemu yake yote. Pale ambapo wimbo ungepanda, gumba halikupanda, lilibaki chini likingoja. Pale ambapo wimbo ungenyamaza, lilinyamaza pia, kisha likarudi. Hakuruka kitu na hakuharakisha. Ilikuwa kama kumsikia mtu akitembea peke yake katika chumba cha pili, anakwenda na kurudi. Nilikuwa nimejiandaa kucheka na kicheko hakikuja, na nilimchukia kwa kuniharibia. Mdogo wangu hakuondoa macho kwenye ule mkono mpaka mwisho.

"Ndio huo?" aliuliza.

"Ndio wangu," Mita alijibu. "Uliobaki wanao wenzangu."

Akaeleza yote, mafungu, magodoro, Profesa, kwa sauti ile ile anayotumia kumweleza mwenye nyumba kwa nini namba imepanda. Mdogo wangu alimsikiliza bila kumkatiza, alivyozoea kwa watoto wake wa darasani. Kisha akamwuliza tangu lini alijua kwamba hataweza kumpigia. Mita akasema tangu mwaka wa kwanza. Basi ulikuwa unafuata nini huko kila Jumamosi, mdogo wangu alitaka kujua, na hapo shemeji yangu akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

"Kazini nisipofika hakuna anayeuliza. Watu wanafurahi mita isiposomwa. Lakini pale, nisipofika wimbo hauanzi. Profesa mwenyewe amesema. Wananingoja."

Pasi ingekuwa karibu ningemrushia. Mtu aliyekuwa akimngoja alikuwa ameketi mbele yake, mguu umevunjika. Alikuwa amemngoja kila Jumamosi na sahani iliyofunikwa, na mjinga huyu alikwenda kupanda ngazi za duka la magodoro kutafuta wa kumngoja. Nilifungua kinywa. Mdogo wangu akanionyesha kiganja, ninyamaze.

"Na mimi," alimwuliza mumewe, "nilikuwa nafanya nini?"

Hakuipaza sauti hata kidogo. Niliona swali lilivyomwingia Mita. Alitazama sakafu, akatazama plasta, akatazama gumba lake kama kitu alichoazimwa na hajui amrudishie nani.

"Jumamosi nitapika," mdogo wangu alisema. "Saa ya mazoezi yenu. Ukija, usije na hilo." Akalionyesha gitaa kwa ncha ya gongo.

Alipoondoka nilimjia juu mdogo wangu. Nilimkumbusha maneno yake mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, asipoweza asije tena. Akaniambia, "Amemaliza, Dada. Alichokuwa nacho amekimaliza." Nikamwambia kwamba alichokuwa nacho ni gumba. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, na mimi nikaingia jikoni kugombana na masufuria.

Jumamosi alipika ameketi kwenye stuli, mimi namsogezea vitu na kumnung'unikia. Alitandika meza sahani tatu. Saa ya mazoezi ikafika. Ikapita. Akafunika chakula. Nikamwambia nilichokuwa nakifikiri, kwamba mumewe muda huu yuko juu ya nailoni, ukucha umepakwa rangi, anashikilia nguzo ya Profesa, na kwamba mwanamke mwenye akili angekula. "Bado kidogo," alisema. Nikajipakulia. Nilikula mbele yake, kwa makusudi, nikigonga kijiko kwenye sahani ili ajifunze kutoka kwangu. Yeye akajiinua na magongo yake, akapasha chakula moto, akafunika tena.

Geti likalia. Mita aliingia mikono mitupu, na kitu cha kwanza nilichotazama ni gumba. Ukucha haukuwepo. Ulikuwa umekatwa vibaya, upande upande, pengine kwa mkasi wa karatasi. Alisimama mlangoni kama amekuja kusoma mita. Hakuomba radhi kwa kuchelewa. Alisema kwamba alipitia kule kwanza kuwaambia wasimngoje, maana aliwaza watakuwa wamekaa tu, magitaa mapajani, na si haki kuwaweka watu namna hiyo. Akafika kwenye ngazi.

"Wameanza bila mimi," alisema.

Alikuwa amesimama pale kwenye ngazi mpaka mwisho wa wimbo. Hakuna aliyegeuka kutazama mlango. Na wimbo, alisema, haukupungua kitu. Alikuwa akilisugua lile gumba lisilo na ukucha, mtu mzima yule, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nimemwekea akiba ya maneno, mazuri, makali, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Yalikuwa yamekwisha kufika kwenye ulimi.

Mdogo wangu alivuta kiti cha pembeni yake kwa gongo, akainua kifuniko.

"Kaa," alimwambia. "Mimi sijaanza."

Akakaa. Sahani yangu chafu ilikuwa pale mezani katikati yao. Niliichukua nikaenda nayo jikoni, nikafungua bomba kwa nguvu nisije nikawasikia, nikaiosha muda mrefu kuliko ilivyohitaji.